Kunyamaza kwa Bwana Hensel

Jumatatu, 7 Oktoba. Asubuhi ya baridi kidogo, mbingu safi, hakuna dalili ya mvua.

Basi lilichelewa Seminary Road, lakini nilifika kabla Friederike hajaondoka. Alikuwa mlangoni na begi lake la kompyuta. "Leo amejua siku," akaniambia. Ndiyo taarifa ninayopewa kila asubuhi, kama ile ya hali ya hewa: amejua siku, au hakuijua.

Naanza daftari jipya, kwa hiyo niandike mambo kwa mpangilio. Mzee ninayemtunza ni Mjerumani, Volkmar Hensel, mjane, mwigizaji wa jukwaani na wa televisheni aliyestaafu. Friederike ni binti yake wa pekee, anafanya kazi benki ya kimataifa huko Washington, na ndiye aliyemleta hapa Alexandria, Marekani, baada ya mama yake kufariki. Kumbukumbu za Mzee zinapungua. Anasahau alipoweka miwani, anasahau kama amekunywa chai. Hajasahau hata siku moja kunisalimia. Huniita Frau Ghati, yaani Bi Ghati kwa Kijerumani, na mimi humwita Mzee. Nilimweleza maana yake siku ya kwanza, akaipokea kwa furaha. Alisema Marekani nzima inamwita Volkmar kama mtoto wa shule.

Leo tulikwenda dukani kwa miguu. Karibu na rafu ya mikate mama mmoja alimwona, akaacha kikapu chake sakafuni na kupaza sauti, "Konstebo Brehm!" Akapiga saluti katikati ya duka, akasema sentensi ya Kijerumani. Mzee naye akapiga saluti na kuirudia sentensi ileile kwa sauti nisiyoijua, ya puani, ya mtu mzito wa kuelewa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Wakapiga picha.

Njiani nikamuuliza walichosema.

"'Gari liko tayari, Bosi.'"

"Ni utani wenu?"

"Ni kazi yangu, Frau Ghati. Miaka na miaka. Tamthilia ya polisi wa bandarini. Bosi anamkamata muuaji, mimi nafungua mlango na kusema gari liko tayari. Kila wiki."

"Lakini yeye amekuita Brehm."

"Wote huniita Brehm. Mke wangu alipokufa nilipata kadi ya rambirambi iliyoandikiwa familia ya Brehm."

Tulipofika nyumbani alikaa muda mrefu bila kuvua koti.

Jumatano, 9 Oktoba. Kavu. Supu, nusu bakuli. Hakujua siku.

Jumanne, 15 Oktoba. Upepo, majani yameanza kudondoka, vumbi tu. Wanasema haijanyesha hata tone mwezi huu.

Bwana Pohl, mwenyekiti wa chama cha Wajerumani, alipiga simu. Wanafanya sherehe ya Adventi, ya kungojea Krismasi, tarehe saba Desemba katika ukumbi wa kanisa, na wanamwomba Mzee awachekeshe kidogo kama Konstebo Brehm. Kofia wanayo. Mzee alisikiliza amesimama wima, akajibu kwa Kijerumani, akakata simu.

"Nimemwambia nitakuja," akasema. "Lakini si Brehm atakayekuja. Ni Mlinzi."

Kisha akanisimulia, na kwa mara ya kwanza alisimulia jambo toka mwanzo hadi mwisho bila kupotea njia. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani katika mji wa bandari, mashariki, enzi za Ujerumani mbili. Baba yake alikuwa mwoka mikate na alitaka mwana mwoka mikate. Aliigiza wajumbe, wahudumu, wapwa wa wafalme, siku zote mtu wa pembeni. Alipokaribia umri wa makamo ndipo akapewa nafasi kubwa: mlinzi wa mnara wa taa anayeambiwa kuwa kesho mnara utawekewa mashine na yeye hahitajiki tena. Mchezo mzima ni usiku wake wa mwisho na ile taa. Walifanya mazoezi vuli nzima. Wakati huo ndipo nchi zilipoungana, jumba likaanza kupunguza watu, kila siku mwenzao mmoja alibeba sanduku lake akaondoka. Televisheni ya Hamburg ikamwita, ikitaka jibu kesho yake. Alikuwa na mke na mtoto.

"Wiki mbili kabla ya onyesho la kwanza nikaenda kufungua mlango wa gari," akasema. "Mlinzi wakampa mwenzangu. Watu walisema alikuwa mzuri sana. Sikwenda kumwona."

Friederike aliporudi jioni alimsikiliza akiwa bado amevaa viatu vya kazini.

"Papa, hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu jana umeniuliza Mama yuko wapi."

Nilitaka kutoka jikoni lakini nilikuwa nimeshika sufuria ya moto. Mzee hakukasirika. Alisema kusahau mke ni jambo moja na kusahau maneno ya jukwaani ni jambo jingine, hayakai chumba kimoja. Wakabishana kwa Kijerumani. Mwishoni Friederike akanigeukia na kunieleza kwa Kiingereza, kama vile mimi ndiye hakimu. Ijumaa ya tarehe mosi Novemba Mzee atamwigizia hapa sebuleni, sehemu ya mwisho tu, yale maneno Mlinzi anayoiambia taa. Akifika mwisho, ataenda kwa Bwana Pohl. Asipofika, atavaa kofia ya Brehm au atabaki nyumbani.

Ijumaa, 18 Oktoba. Baridi asubuhi, jua kali mchana.

Tumeanza. Anayo nakala ya zamani iliyopigwa kwa taipureta, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Kazi yangu ni ya yule anayekaa chini mbele ya jukwaa na kumkumbusha mwigizaji maneno yakimpotea. Sijui Kijerumani, lakini kinasomeka. Nakisoma kama ninavyosoma Kiswahili, kila herufi nikiipa haki yake, na pale isipowezekana ananirekebisha. Ameniandikia kwa Kiingereza pembeni maana ya kila sentensi, kwa sababu, anasema, mtu hawezi kumkumbusha mwenzake asichokijua.

Mlinzi anaongea na taa kama mtu anavyoongea na ng'ombe anayempenda. Anaisuta, anaisifu, anailaumu kwa kumlia macho mpaka yamefifia. Karibu na mwisho anasema: "Usiniulize kama kuna meli." Kisha ananyamaza. Kisha: "Kazi yangu ni kuwasha."

Kule kunyamaza ni kurefu. Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama.

"Bado," akasema. "Hapa ndipo mchezo ulipo."

Jumatatu, 21 Oktoba. Kavu. Alifika mwisho mara mbili.

Alhamisi, 24 Oktoba. Kavu. Hakutaka kuoga. Alifika mwisho.

Jumapili, 27 Oktoba. Jua. Baada ya kanisa nilifua na kupiga pasi.

Ninakaa na Anysie, mama wa Kirundi anayefanya usafi hotelini. Alinikuta jikoni nikisoma kwa sauti.

"Weye Ghati, sasa ni Kijerumani unaongea ndani ya nyumba yangu?"

"Najifunza kazi mpya."

Nikamweleza. Akapiga makofi. "Ah, souffleuse! Ule wa kupuliza maneno. Ku shule yetu ya lycée tulikuwa naye, sista moja munene, alikuwa anapuliza mpaka watu wa nyuma wanasikia." Akanitazama toka juu hadi chini. "Lakini weye? Weye hata dereva akikupitisha kituo unaogopa kumuita."

Tulicheka. Ni kweli lakini.

Ijumaa, 1 Novemba. Joto kama la Musoma, na leo ni Novemba. Majani yote yamekauka yakiwa bado mtini.

Naandika polepole ili niandike kwa haki.

Friederike alirudi mapema. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini. Mzee alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa shati jeupe. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, nakala mapajani, kidole kwenye mstari.

Alianza vizuri. Sebule ile ikawa si sebule. Friederike aliegemea mbele bila kujijua. Alipofika pale Mlinzi anapoisuta taa kwa kumlia macho, Mzee akanyamaza. Si mahali pa kunyamaza. Nikasubiri. Nilikuwa nayo sentensi, nilikuwa nimeishika kwa kidole, ilikuwa mdomoni. Nikasubiri tena. Nilijiambia, anavuta pumzi, mwache. Mkono wake wa kulia ulianza kutambaa kwenye mshono wa suruali, juu na chini, juu na chini, kama mtu anayetafuta funguo. Alinitazama. Nikainamisha macho.

Ndivyo nilivyofanya. Niliinamisha macho.

Kwetu Tarime babu alipokuwa akizungumza na kunyamaza, hakuna aliyefungua mdomo. Hata kama tuliijua hadithi neno kwa neno, hata kama kunyamaza kulifika mahali pa kuumiza. Kumwekea mzee neno mdomoni ni kumwambia mbele za watu kuwa amekwisha. Nililelewa hivyo, na mwili wangu ulifanya hivyo kabla sijauuliza.

"Papa," Friederike akasema. "Basi, inatosha."

Mzee alikaa. Friederike akamletea maji, akamfungulia kifungo cha shati shingoni. Machozi yalikuwa yakimtoka binti naye hakujifuta, kwa hiyo najua hakufurahia kushinda.

Nimerudi nyumbani bila kula.

Jumatatu, 4 Novemba. Baridi imerudi. Saa zimerudishwa nyuma jana, kama wafanyavyo hapa kila vuli, sasa giza linaingia mapema na jioni Mzee anahangaika zaidi, anauliza treni inaondoka saa ngapi.

Asubuhi hakunisalimia. Ni mara ya kwanza. Nilimpa chai, nikakaa mbele yake, nikamweleza habari za babu na kunyamaza na heshima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Frau Ghati," akasema, "hapa jikoni mimi ni mzee. Nikiwa jukwaani mimi si mzee. Ni mtu aliyetumbukia majini. Utasubiri kwa heshima?"

"Hapana."

"Wewe ulinitazama nikizama, na ulikuwa umeshika kamba."

Jana nilipomweleza Anysie naye hakunionea huruma: "Kwetu ku chorale ya kanisa, muntu wa solo akisahau, sisi wote tunaingia. Hatungojei. Tukingoja, ndiyo tunamupatisha haya." Nilikuwa nimezunguka na maneno hayo tangu jana na leo yakakutana na ya Mzee.

Jioni nilibaki nyuma nikamwambia Friederike ukweli. Nilimwambia maneno ya Mzee yalipotea mara moja tu, na mtu wa kumrudishia alikuwepo, akanyamaza. Aliyeshindwa ni mimi.

Alikuwa akimenya karoti. Hakuacha.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema. "Kabla ya televisheni alikuwa anarudi mimi nimelala. Baada ya televisheni alikuwa anakula na sisi. Nilimpenda Brehm, Ghati. Brehm ndiye alinipa baba. Yeye anadhani Brehm alimnyang'anya kila kitu."

"Amesema alikuwa na mke na mtoto."

"Amesemaje? Kwa sauti gani?"

Nilifikiri. "Kama mtu anayetaja sababu. Si kama anayetaja mzigo."

Alimenya karoti nyingine. "Ninachoogopa ni watu kumcheka. Wakimcheka akiwa Brehm, wanacheka vizuri. Wakimcheka akiwa yeye?"

Nilimwambia sitanyamaza tena. Akasema tujaribu kwa Bwana Pohl, lakini atakuja kukaa mstari wa mbele, na akiona baba yake anaumia atampandia jukwaani na kumshusha.

Jumanne, 5 Novemba. Siku ya uchaguzi. Kavu. Ndani ya basi kila mtu alitazama simu yake. Mzee aliuliza nani anagombea, nikamwambia, akaniuliza tena.

Jumatatu, 11 Novemba. Imenyesha! Jana jioni, mvua ndogo, lakini lami ilinukia. Asubuhi mawingu mazito.

Mzee alitaka kusimama kibarazani kuangalia majani yaliyolowa. Kisha tukafanya kazi.

Nimejifunza jambo. Anaponyamaza kwa kuigiza, mkono wa kulia unatulia kabisa, kama umelala. Anaponyamaza kwa kupotea, mkono unakwenda kwenye mshono wa suruali. Sitazami tena uso, uso wake ni wa mwigizaji na unadanganya. Natazama mkono. Ukigusa mshono, nampa neno, saa ileile, bila kuomba radhi. Mara ya kwanza leo nilimpa kwa sauti kubwa kupita kiasi. Alilichukua bila kugeuka, kama mtu anayepokea chumvi mezani.

Alhamisi, 14 Novemba. Mvua nyepesi. Mara tatu mshono, mara tatu neno. Alifika mwisho.

Jumatano, 20 Novemba. Mawingu.

Siku mbaya. Aliniita Hannelore, jina la mkewe, akanilaumu kwa kumficha mtoto. Nilimkalisha. Hakutaka chakula. Mchana, bila kupenda sana, nilifungua nakala na kusoma sentensi ya kwanza ya Mlinzi. Akainua kichwa, akaendelea yeye, yote, mpaka mwisho, mshono hakuugusa. Alipomaliza akaniuliza mimi ni nani.

Nilikuwa nikidhani ninamlinda asiaibike. Leo naona jingine. Maneno yale ndiyo chumba pekee nyumbani mle ambacho bado anajua swichi ya taa iko wapi. Ndiyo maana anataka watu waingie wamkute humo.

Alhamisi, 28 Novemba. Mvua tangu alfajiri. Sikukuu yao ya kushukuru, sikwenda kazini. Anysie alipika ndizi na samaki, akataka nimwigizie Mlinzi. Nikakataa. Akamwigiza yeye mwenyewe na mwiko mkononi, kwa Kijerumani cha kubuni, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 6 Desemba. Upepo mkali sana, baridi inayokata masikio.

Kesho. Amejua siku, na tangu asubuhi ananiuliza kama ninajua pia.

Kabla sijaondoka aliniita, akanishika mabega, akafanya kama anatema mate juu ya bega langu la kushoto na kusema "toi, toi, toi", maneno yao ya kumtakia mtu heri jukwaani. Nikasema, "Asante, Mzee."

Uso wake ukabadilika. Kumbe kwa watu wa jukwaani hilo halijibiwi kwa shukrani, ni kuualika mkosi. Lazima nitoke, nigonge mlango, tuanze upya. Friederike alirudi akanikuta nimesimama nje ya nyumba na koti, nabisha hodi kwa mtu niliyekuwa naye ndani muda huohuo.

"Umeshukuru?" akaniuliza.

"Nimeshukuru."

"Ee, hapo umekwisha," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hizi kumwona anacheka.

Mara ya pili sikujibu kitu. Lakini nilimweleza kuwa babu yangu naye alikuwa akitutemea mate kifuani tukienda safari au mtihani, na sisi pia hatukushukuru, tuliinama tu. Mzee alifikiri. "Basi babu yako alikuwa mtu wa jukwaani," akasema.

Jumamosi, 7 Desemba. Baridi, jua jeupe lisilopasha.

Ukumbi ulijaa. Meza zenye mishumaa, mikate ya tangawizi, watoto wanakimbia. Shughuli ilianza saa tisa mchana. Bwana Pohl ni mtu mnene mwenye furaha. Alitupokea na kofia ya polisi mkononi, akataka kumvisha Mzee papo hapo. Friederike aliichukua, akaiweka mapajani mwake, akakaa nayo.

Mimi nilipewa kiti cha mstari wa mbele, pembeni, karibu na jukwaa. Bwana Pohl alipomtangaza, alisema jina la Hensel, kisha akasema Konstebo Brehm, na hapo ndipo watu walipopiga makofi.

Mzee alipanda ngazi tatu za jukwaa akishika ukuta. Alitazama juu, kwenye taa ya kawaida ya ukumbi, akaanza kuongea nayo.

Mwanzoni walisubiri mzaha. Nilisikia vicheko vidogo vikijiandaa. Havikupata mahali pa kutua, vikafa. Mara moja mkono uligusa mshono, nikampa neno, akalichukua. Mara ya pili, nikampa, akalichukua. Mtoto mmoja aliacha kukimbia, akakaa sakafuni.

Akafika. "Usiniulize kama kuna meli." Akanyamaza.

Niliutazama mkono. Ulikuwa umelala. Nikafunga mdomo. Kunyamaza kukaenda, kukapita pale tulipozoea, kukaendelea kwenda. Nilimsikia Friederike akivuta pumzi. Sikumtazama. Mkono ulikuwa umetulia, na kama mkono umetulia, si kazi yangu.

Ndipo mwanamume mmoja wa nyuma, mtu mzima, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Gari liko tayari, Bosi!"

Hakuwa na ubaya. Alidhani anamsaidia mtu aliyekwama. Ukumbi wote ukacheka kwa kupumua, kama watu waliokuwa wamebebeshwa mzigo wakautua. Wengine wakapiga makofi.

Mkono ukaenda kwenye mshono. Juu, chini. Kisha ukaacha mshono ukaanza kupanda, kupita kiuno, kupita kifua, na vidole vikinyooka. Ulikuwa unakwenda kupiga saluti. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa yule mtu mzito wa kuelewa. Friederike alinyanyuka, kofia ikaanguka.

Nilisimama. Sikunong'ona. Nilisema kwa Kijerumani, kwa lafudhi yangu ya Tarime, kwa sauti ninayotumia kuita mtu ng'ambo ya mto: "Kazi yangu ni kuwasha!"

Vicheko vilikatika. Watu wote walinitazama, mimi mama mweusi mwenye sweta la kijani, nimemkatiza mzee mbele za watu. Sikukaa.

Mzee alinitazama. Mkono ulikuwa umefika begani. Ukasimama hapo. Ukashuka taratibu, ukalala.

Lakini sentensi niliyompa hakuichukua. Akairudia ile ya nyuma: "Usiniulize kama kuna meli." Na akanyamaza upya. Kunyamaza kulekule, toka mwanzo, kwa urefu wake wote, akitembeza macho mstari kwa mstari kama mtu anayepita kufunga madirisha. Hakuna aliyekohoa. Yule mwanamume wa nyuma alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Kazi yangu ni kuwasha."

Hawakupiga makofi mara moja. Walipoanza, hawakuita jina lolote.

Friederike alimpokea chini ya ngazi. Sijui alimwambia nini, ilikuwa Kijerumani na ilikuwa yao. Kofia niliiokota mimi, nikamrudishia Bwana Pohl. Mzee hakunishukuru, na nilijua kwa nini, nikainamisha kichwa.

Jumatatu, 9 Desemba. Mawingu, joto limerudi kidogo, manyunyu.

Friederike alikuwa mlangoni na begi lake. "Leo hakuijua siku," akasema. Kisha akaongeza, "Wala hakumbuki Jumamosi. Nimemuuliza jana, nimemuuliza leo. Haipo."

Mzee alikuwa jikoni, amevaa shati jeupe, amenyoa upande mmoja tu.

"Frau Ghati," akasema, "umechelewa. Ni leo?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia, umeshaigiza, Mzee, na ukumbi mzima ulinyamaza nawe. Nilitaka sana ajue. Friederike akanipita. Aliweka begi chini, akavua koti, akalitundika kwenye kiti.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Ni leo."

Akanyoosha mkono kwangu. Sikuelewa, mpaka alipoitazama nakala iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Nikampa. Akakaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Natazama wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mkono wa kulia."

Hapo sikuwa na kazi. Nilivuta kiti, nikakaa katikati ya jikoni, mbele yake, mahali pa watazamaji. Mzee akatazama taa iliyo juu ya jiko, akaanza. Mara moja mkono uligusa mshono, na sauti ya Friederike ikaingia palepale, safi, bila kusubiri.

Alipofika kwenye meli, akanyamaza. Wiki zote hizi nilikuwa nikiutazama mkono wake, sikupata nafasi ya kuutazama uso sawasawa. Leo niliutazama. Alikuwa akisikiliza kitu huko nje, katika giza la Mlinzi, kwa makini na bila hofu, na mimi nikageuka kidogo kwenye kiti nisikilize pia. Palikuwa na manyunyu tu kwenye kioo.

Friederike alichelewa kazini. Tulikunywa chai watu watatu.

Nimefua, nimepiga pasi sweta la kijani. Nalala, ni saa nne na robo.